Mikato Mitatu na Nukta

Nipe spana yoyote ya wakati wa vita, nikutajie mwaka wake. Sihitaji miwani. Nitaipitisha kidole gumba mgongoni, nitaipima uzito kiganjani, nitaitazama shingo pale inapokutana na mdomo, na kabla hujamaliza kikombe chako cha kahawa nitakuwa nimekwambia. Hii ni ya kabla ya vita, imepigwa nikeli na kusuguliwa mpaka mtu anaweza kujitazama meno. Hii ni ya arobaini na mbili: nyeusi, haina urembo, kingo zake zimeachwa na makwaruzo kwa sababu kiwandani watu walikuwa na haraka na nikeli ilitakiwa kwa kazi nyingine. Hii haina mshale wa serikali wala mwaka, lakini namba zake ni za milimita, basi ni ya Mtaliano, na imetoka Habash au Somalia mfukoni mwa askari aliyeiokota.

Watu wa mtaa wetu wa Mkomani walinisifu kwa ujuzi huo. Mimi nilijisifu kuwashinda wote. Sasa nikizikumbuka sifa zile naona haya, na haya yenyewe yamechelewa, hayamfai mtu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa kila kilichokuwa na skrubu katika mji wa Lamu. Nilitengeneza vyerehani, taa za karabai na injini za mashua chache zilizokuwapo. Gari halikuwa na njia ya kupita mjini kwetu, lakini vyombo vya mafundi wa magari vilitufikia kwa wingi. Vita vilipokwisha, jeshi liliuza mabaki yake Mombasa, na wachuuzi wa vyuma wakayagawa kwenye magunia na kuyasambaza pwani nzima. Mchuuzi mmoja alikuwa akifika kwetu mara mbili kwa mwaka. Alimwaga gunia lake karibu na forodha, na watu wakachagua misumari, minyororo na bawaba. Mimi nilichagua spana, koleo, bisibisi, tupa, na ile spana ya kukaza na kulegeza mdomo ambayo mafundi wa bara wameipa jina nisiloweza kuliandika hapa.

Nyingi zilikuwa na mshale mdogo uliogongwa kwenye chuma, alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na chini ya mshale, mwaka. Mwanzoni nilizitaka kwa kazi. Baadaye nikazitaka tu. Nilianza kutafuta kila mwaka wa vita kwa kila aina ya spana, na nilipokosa mmoja nililala vibaya. Nilikuwa na daftari ambamo nilichora kila kipande. Wallahi, sikuwahi kumchora mtu wala ua, lakini mdomo wa spana niliuchora mpaka ule ufa wake.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya baba yetu, na katika ukuta wa chumba cha ndani kulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, ambavyo katika kila nyumba yenye heshima huwekwa sahani na mabakuli ya kigeni. Sisi tulikuwa na mabakuli ya mama. Nikayaondoa. Nikapanga spana zangu, mwaka baada ya mwaka, kila moja imepakwa mafuta na kulazwa juu ya kitambaa, maana hewa ya kwetu ina chumvi na chuma hakikai siku mbili bila kutu.

"Nduyangu, zombo za mama utazitia wapi?" dada yangu aliniuliza.

"Chini ya kitanda."

Hakubishana. Alinibakizia safu zote ila kishubaka kimoja cha chini kabisa, pembeni, akasema hicho ni chake. Humo aliweka kisu chake.

Sasa nimseme dada yangu. Alikuwa mdogo wangu, naye ndiye aliyeendesha nyumba. Mke wangu alikuwa amekwisha kuomba talaka na kupewa. Alisema nyumba inanuka mafuta ya mashine na mwenye nyumba ana ulimi mchafu, na yote mawili yalikuwa kweli. Basi dada alipika, alifua, alipokea wageni, na alinyamaza. Alikuwa mke wa mtu, lakini mtu mwenyewe hakuwapo.

Mumewe alikuwa mtu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, mwana wa wahunzi. Alikuja Lamu kutafuta kazi, akawa na mkono mzuri wa chuma, na baba alimpenda kwa mkono huo akamwoza binti yake mwaka wa arobaini, binti ana miaka kumi na saba. Mimi sikupenda. Nilikuwa na kichwa cha kijana wa mji aliyezaliwa kwenye nyumba ya zidaka, na watu wa Siyu kwangu walikuwa watu wa mashamba, wanaokuja sokoni na tumbako na kurudi kwao. Nilikula harusi nikanuna. Kijana yule, Mungu amrehemu, alinijibu kwa adabu kila niliponuna. Alimletea bibi harusi kisu kidogo cha jikoni alichokifua mwenyewe, mpini wa mpingo, na kwenye chuma karibu na mpini alikuwa amekata kwa tupa mikato mitatu na nukta moja. Ndiyo alama aliyotia kwenye kila chombo alichokishika.

Hawakukaa mwaka. Jeshi lilitaka mafundi, naye akaenda, akapelekwa Habash kutengeneza malori. Mwaka wa arobaini na moja ukaletwa waraka wa serikali. Karani alitusomea na kutufasiria: lori lilipatikana limeungua, yeye hakupatikana, huenda amekufa, lakini mwili haukuonekana.

Huenda. Kwa neno hilo moja dada yangu hakuwa mke wala mjane. Asingeweza kukaa eda ya mume ambaye hakuna aliyeshuhudia kufa kwake, na asingeweza kuolewa. Baba alikufa, mama akamfuata, na mimi nikawa walii wake, mwenye kumsemea mbele ya kadhi na mwenye kumwoza. Miaka ikapita, wala sikumsemea neno. Hakuna aliyeniuliza, na chakula kilikuwa tayari kila siku.

Mwaka wa hamsini na mbili mshoni mmoja alianza kuniletea cherehani chake. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, mpole, mwenye binti wawili wadogo ambao kila mara walimfuata. Wale watoto waliingia ndani kwa dada yangu huku mimi na baba yao tukibaki barazani na cherehani. Cherehani kile kilianza kuharibika mara nyingi kuliko kawaida. Mara uzi unakatika, mara mguu umelegea. Sikuwa mjinga, nilielewa. Hatimaye akamtuma shangazi yake aje aseme yanayosemwa.

Nilipomweleza dada yangu, alikuwa akikata mabamia kwa kile kisu. Hakuinua uso.

"Wale wana hawana mtu wa kuwasuka nyele," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na mtu yeyote aliyelelewa na mama angelielewa. Siku ile ile alinunua vitana viwili vya mti, vidogo, akaviweka katika kishubaka chake.

Nikaenda kwa kadhi. Alikuwa mtu mzima, mwenye subira, asiyependa kuharakishwa. Alisema miaka kumi na moja bila khabari ni miaka mingi, naye yu tayari kuhukumu kuwa mtu huyu amekufa, dada akae eda yake kisha aolewe. Lakini kwanza alinipa kazi moja.

"Enda Siyu, Bwana," alisema. "Waulize jamaa zake. Wao ni damu yake. Wakisema hawana khabari, uye uniambie, tumalize."

Siyu si mwezini. Chombo kinakupeleka mpaka Mtangawanda, unashuka, unashika njia kwa miguu. Ni safari ya siku moja kwa mtu mzima asiye mvivu. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Nilijiambia jua kali. Ukweli ni kwamba niliona haya ya kijinga, mimi mtu wa Mkomani kwenda kukaa kwenye mkeka wa wahunzi na kuomba ushahidi.

Na katika wiki zile zile yule mchuuzi akafika, akamwaga gunia lake.

Niliiona spana ile kabla haijatua chini. Ilikuwa spana ya pete, pande mbili, nyeusi, ya vita bila shaka. Nikaiokota, nikaifuta kwa kanzu yangu. Mshale ulikuwapo. Mwaka ulikuwapo: arobaini na tatu, umegongwa wazi kabisa. Shingo ilikuwa imepinda kidogo, kama iliyotiwa nguvu kupita kiasi. Nikaigeuza. Upande wa pili, karibu na pete, palikuwa na mikato mitatu ya tupa na nukta moja.

Nilisimama pale na watu wananipita. Mtu aliyepotea mwaka wa arobaini na moja ametia alama yake kwenye chuma kilichotengenezwa mwaka wa arobaini na tatu. Basi hakufa kwenye lori lile. Yu hai, au alikuwa hai, na hakurudi, na hakuandika.

Ningeweza kusema kwamba nilihuzunika. Nilihuzunika, lakini baadaye. Kwanza nilifurahi, na hili nalisema kwa kuwa nimeapa nafsini kutoliruka. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kwenye mchezo wa bao. Miaka yote watu walinicheka kwa kukusanya vyuma vikuukuu, na leo chuma kimoja kimefichua jambo ambalo serikali nzima haikulijua. Na ni nani aliyeweza kukisoma? Mimi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda barazani, kwenye benchi la mawe ambapo wazee na wenzangu hukaa baada ya sala ya alasiri. Nikawaonyesha. Nikawaeleza mshale, nikawaeleza mwaka, nikawaeleza kwa nini rangi ni nyeusi na si ya kung'aa. Walipokezana ile spana mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Maashallah, una mato wewe." Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa.

Nilipofika nyumbani dada yangu alikwisha kusikia kutoka kwa jirani, dirishani. Alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Nionyesha," alisema.

Nikampa. Akachukua kisu chake, akakilaza kando ya spana juu ya mkeka, akatazama mkato kwa mkato. Ilifanana. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wayua hakika?"

"Mwaka huo haudanganyi," nilisema. "Chuma hiki hakikuwapo duniani siku lori lilipoungua."

"Siulizi chuma," alisema. "Nauliza alama."

Nikamkatiza. Nilimwambia mimi ni fundi, nami nazijua alama za mafundi.

Kadhi aliposikia, maana mji mzima ulikwisha kusikia, aliniita. Nikaweka spana mbele yake nikamsomea kama nilivyowasomea watu wa barazani, hata kwa madaha zaidi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na jamaa zake wa Siyu? Uliwauliza?"

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempata sokoni mtu wa Siyu aliyekuwa akiuza tumbako. Nilimwonyesha spana nikamtajia jina la shemeji yangu. "Alama hini ni yake?" Yule mtu alikuwa na wateja watatu wanamsubiri. Akaitupia jicho, akasema, "Naam, ndiyo," na akarudi kwenye tumbako yake.

"Nimeuliza, Shekhe," nilimjibu kadhi. "Wamekiri."

Kadhi akasema kwamba hawezi kuhukumu kifo cha mtu ambaye pana dalili kwamba alikuwa hai. Mke huyu bado ni wa mumewe. Tungoje.

Nataka kusema kwamba nilifanya hivyo kwa kuogopa dhambi. Kumwoza mke wa mtu ni jambo zito, na kweli niliogopa. Lakini nilipotoka pale, nikipita kwenye vichochoro kuelekea nyumbani, kitu cha kwanza nilichowaza kilikuwa kwamba chakula changu cha mchana kitaendelea kupikwa. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nimejaribu kuyasahau, yamekataa.

Mshoni alingoja mwaka mmoja na zaidi. Cherehani chake hakikuharibika tena. Kisha akahamia Malindi kwa ndugu zake, akaoa huko. Siku walipoondoka, wale watoto walikuja kuaga. Dada yangu aliwakalisha mmoja baada ya mwingine, akawasuka kwa vile vitana, taratibu mno, mpaka baba yao akatuma mtu kusema chombo kinangoja. Vitana alibaki navyo. Akavirudisha kwenye kishubaka.

Baada ya hapo kitu kilibadilika mwilini mwake. Sisemi alilia, maana hakulia mbele yangu. Alianza kuinama akitembea ndani ya nyumba, mwanamke wa miaka thelathini. Alinipikia kama zamani, lakini hakukaa tena nami nilipokuwa nikila. Alipoambiwa na majirani kwamba mumewe bila shaka ameoa huko bara na ana watoto, alisema, "Huenda." Neno lile lile la waraka wa serikali. Mimi nilikuwa nimempa sababu ya kumchukia mumewe, na nikamwona akijifunza kumchukia, polepole.

Mkusanyo wangu uliendelea kukua. Spana ile niliipa kishubaka cha katikati.

Mwaka wa hamsini na saba nilisikia kwamba mhunzi mmoja mzee wa Siyu ana nyundo za kijeshi na tupa za kabla ya vita. Nikafunga safari. Ndiyo, safari ile ile. Nilipanda chombo, nikashuka Mtangawanda, nikatembea. Nilifika Siyu kabla jua halijakaa sawasawa kichwani. Hata sikuchoka.

Mzee alinikaribisha kiwandani kwake, akaniwekea kigoda, akanipa maji. Akanitolea nyundo. Niliipokea, nikaipindua kutafuta mshale, na badala yake nikaona mikato mitatu na nukta.

"Mzee wangu," nilisema, "nyundo hini ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na alama hini?"

Akacheka kidogo. Akanyoosha mkono akachukua koleo la kushikia moto, akanionyesha. Mikato mitatu na nukta. Akanionyesha patasi. Akanionyesha fuawe, chuma kikubwa cha babu yake kilichochakaa katikati, na pembeni mwake, imefutika nusu, mikato mitatu na nukta.

"Hini si ya mtu, Bwana. Hini ni ya nyumba. Babu alitia, baba alitia, mimi natia. Kila aliyezawa hapa akashika nyundo hutia."

Nikamtajia jina la shemeji yangu. Uso wake ukabadilika. Shemeji alikuwa mwana wa nduguye. Mzee akaita mtu kutoka uani, mwanamume wa rika langu, mwenye udongo miguuni, ametoka shambani. Huyu alikuwa mwana wa mzee mwenyewe. Naye aliingia jeshini, mwaka mmoja baada ya binamu yake, akatengeneza magari mpaka vita vilipokwisha. Alirudi na vyombo vyake, na alipougua akaviuza Mombasa vyote.

Nilimweleza spana: ya pete, nyeusi, ya arobaini na tatu.

"Yapinda hapa shingoni?" aliniuliza, akinionyesha kwa kidole.

"Yapinda."

"Naliipinda mimi, chini ya lori, na mvua yanya."

Nikauliza lile nililokwisha kulijua. Akanijibu kwa upole, kama anayedhani namjaribu. Binamu yake alikufa mwaka ule ule wa lori. Dereva mmoja, mwenyeji wa mto Tana, aliyekuwa naye alimzika kwa mikono yake kando ya barabara, na baadaye wakakutana kambini akamweleza yote. Wakubwa wa jeshi waliambiwa. Kama waliandika au hawakuandika, Mungu ndiye ajuaye. Siyu walisoma hitima mara khabari ilipofika, na mji mzima ulihudhuria.

"Twalidhani mwayua," alisema mzee, na Lamu akaiita Amu kama wazee wetu. "Twasema, watu wa Amu wamepata baruwa yao. Kuya kwetu hawataki, basi."

Yule mwanawe alitazama chini. Kisha akasema, "Mimi nalikuya, Bwana. Naliporudi vitani, nalipita mlangoni kwako kutoa mkono wa tanzia. Ukafungua. Ukaniambia, yeo hatununui kitu. Ukafunga."

Sikumbuki. Nimejikamua kichwa miaka yote, nimejaribu kuuona mlango, mtu, mchana ule. Sina hata kivuli cha kumbukumbu. Nakumbuka mwaka wa kila bisibisi niliyoinunua mwaka huo.

Nilirudi bila nyundo. Dada yangu alikuwa jikoni. Nilimwambia yote, nimesimama, maana niliona sistahili kukaa. Mkono wake uliokuwa na kisu ulisimama.

"Ni mbali Siyu?" aliuliza.

"Si mbali."

"Ulikwenda kumuulizia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kwa mara ya kwanza katika shauri hili nilisema kweli. "Nalikwenda kutafuta nyundo."

"Kwa nyundo ulikwenda," alisema.

Kisha akakiosha kile kisu, akakifuta, akakifunga kwa kitambaa cheupe. Hakukikatia kitu tena. Miaka yote mitano alikuwa amemlaani mtu aliyelala kando ya barabara ya Habash, ambaye hakumkosea hata siku moja. Usiku nilimsikia akimwomba radhi kwa jina lake, na nikajifunika shuka kichwani.

Tulikwenda kwa kadhi, mimi na yeye, na mzee wa Siyu na mwanawe ambao walikuja kutoa ushahidi bila hata neno la kunisuta. Kadhi aliwasikiliza. Hakunikemea. Laiti angenikemea. Alimgeukia dada yangu, aliyekaa ndani ya buibui lake, akasema naye kwa heshima.

"Bi, eda ya mke huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku ya kupata khabari. Eda yako ilikwisha zamani. Wewe u huru tangu miaka kumi na tano."

Miaka kumi na tano. Alikuwa huru siku vitana viliponunuliwa. Alikuwa huru kila mara mshoni alipoleta cherehani chake kizima akisema kimeharibika. Alikuwa huru jikoni kwangu, akinipikia.

Karani alichovya kalamu ili aandike hukumu. Akaandika jina lake, na jina la baba yetu. Kisha, kama ilivyo desturi, akanigeukia mimi walii, akauliza bibi ana umri gani.

Nikafungua kinywa. Mezani, kati yangu na karani, ilikuwapo ile spana. Nilijua mwaka wake, nilijua kwa nini ni nyeusi, nilijua na mvua iliyonyesha siku ilipopindwa.

"Thelathini," nilisema. "Thelathini hivi. Au na mbili."

Sauti ya dada yangu ikatoka ndani ya buibui, haikupanda wala haikutetema.

"Andika thelathini na nne," alimwambia karani. "Usimuulize huyu. Mimi sina mshale."

Karani akaandika alivyoambiwa.